Nilichagua Kampuni ya Mbizi Isiyouliza Maswali

Mimi ni Mama Riziki, fundi cherehani wa Rosettenville, hapa Johannesburg, na leo ninapumua kwa mapafu yote mawili. Nalitanguliza hilo ili msiogope nitakapofika kwenye damu.

Nilikuwa mzima kabisa. Nilishona kuanzia asubuhi, nilipanda ngazi na majora ya vitenge begani, kanisani niliimba sauti ya kwanza. Binti yangu Riziki alipopata kazi ofisini kule Braamfontein, alisema likizo yake ya kwanza ataila na mimi, visiwa vya Karibi. Tungevaa mitungi ya hewa na kushuka chini ya maji kutazama samaki.

"Mimi, mtoto wa Bukavu, Kongo?" nikamwambia. "Hata Ziwa Kivu nililiogea ukingoni tu."

"Wanafundisha, Mama. Utakuwa sharp, hutapata shida."

Tukakaa mezani na simu yake kutafuta kampuni na mahali pa kulala. Kampuni ya kwanza ilituma fomu ndefu. Riziki akawa anasoma, mimi najibu.

"Umewahi kuugua pumu?"

"Hapana."

"Umewahi kupasuliwa kifua?"

"Hapana."

"Kifua kikuu?"

"Hapana. Andika hapana zote, mtoto, usinichoshe."

Huo ulikuwa uongo. Nilipofika Johannesburg, tukiishi watu tisa chumba kimoja Hillbrow, niliugua kifua kikuu. Nilimeza dawa miezi sita, nikapona. Lakini majirani walivyonikwepa kwenye ngazi sikusahau. Riziki alikuwa na miaka miwili, mimi na baba yake tukampeleka kwa rafiki yangu amlee. Alipokua tukamwambia kwamba wakati ule nilikuwa Durban kikazi.

Tena sisi tuliokuja kama wakimbizi tunazijua fomu. Kwenye foleni ya karatasi, "ndiyo" moja huzaa swali la pili, na swali la pili huzaa "rudi wiki ijayo." Mkono wangu umezoea kuandika hapana kabla jicho halijamaliza kusoma.

Kampuni ile haikuridhika. Ilitaka kila mgeni alete barua ya daktari aliyempima kifua.

"Hao wana maneno mengi," nikasema. "Tafuta wengine."

Riziki akawapata wengine. Hawakuuliza chochote. Walikuwa na picha nzuri na vyumba vyao wenyewe kwenye kisiwa kidogo, mlango unafunguka mchangani. Hatukuuliza zahanati iko wapi. Haikuwapo.

Siku ya tatu tulishuka majini, wageni sita na mwalimu mmoja. Nakiri kwamba chini kulikuwa kuzuri. Kisha mwalimu akaonyesha kidole gumba juu, tukaanza kupanda polepole. Karibu na uso wa maji nilihisi kitu kinachanika ndani, chini ya titi la kushoto, kama kitambaa kinapovutwa na sindano butu. Kwenye boti nikakohoa, nikatema povu la rangi ya waridi. Sauti ilikauka. Riziki alinigusa shingoni, ngozi ikalia chini ya vidole vyake kama mchanga mkavu.

"Mpe oksijeni!" akamwambia mwalimu.

"Hatuna hapa. Apumzike, ni uchovu."

"Uchovu gani wa kutema damu?"

Boti ya kwenda kisiwa kikubwa ilikuwa imekwenda kuchukua wageni wengine. Tuliingoja. Nililazwa kwenye kile kitanda kilichopendeza kwenye picha, midomo ikigeuka bluu, kila pumzi fupi kuliko iliyotangulia. Sikuweza kumaliza sala. Nilikuwa nasema "Baba yetu" na kuishia hapo.

Hospitalini, kwenye kisiwa kikubwa, daktari alinichana ubavuni akaingiza mrija mnene kama kidole. Niliwahi kuzaa, lakini maumivu yale sina pa kuyaweka. Mrija uliishia kwenye chupa ya maji chini ya kitanda, na hewa iliyokuwa imelibana pafu langu ikawa inatoka humo kwa mapovu.

Asubuhi akaja na picha ya kifua. Sikuwa na pumzi ya kuhangaika na Kiingereza, kwa hiyo Riziki ndiye aliyekuwa mdomo wangu.

"Naona makovu juu ya pafu," daktari akasema. "Kama ni ugonjwa unaoendelea, lazima nimtenge na nianze dawa leo. Aliwahi kuugua kifua kikuu?"

Riziki hakunigeukia hata kuniuliza. "Hapana, daktari. Kamwe."

Alilisema kwa uhakika wote, maana mimi ndiye niliyempa jibu hilo. Nikamshika mkono.

"Riziki, mwambie ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Niliugua. Nikamaliza dawa. Wewe ulikuwa na miaka miwili."

Akamgeukia daktari. Kisha akatafsiri neno kwa neno, na alipofika kwenye "mama yangu" sauti ikamkatika.

"Kwa hiyo Durban..."

"Sikufika Durban. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, ghorofa ya nne. Nesi alisema baada ya majuma machache ya dawa siambukizi tena, mimi sikumwamini. Nilikuwa nakutazama dirishani unapocheza kwenye roshani ya rafiki yangu."

Akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaketi, akaanza kuzifumua nywele zangu zilizokauka kwa chumvi.

"Eish, Mama. Miaka yote hii nilidhani ulikuwa umenichoka."

Hilo liliniuma kuliko mrija.

Daktari alipima makohozi, akakuta ni makovu ya zamani tu. Akatueleza, nami nawaeleza ninyi. Hewa unayovuta chini ya maji hutanuka unapopanda juu. Pafu zima huitoa. Pafu lenye kovu laweza kuifungia mahali, na isipopata njia hulipasua. Si kila aliyeugua amekatazwa, ila apimwe kwanza.

Mrija ulitolewa, lakini nilikatazwa kupanda ndege kwa majuma kadhaa. Baba Riziki alipiga simu kila siku. "Mke wangu, umevuka bahari kubwa kutafuta hospitali? Hapa Johannesburg zimekuishia?" Nilicheka huku nimeshika ubavu.

Sasa nimepona. Ninashukuru Mungu, yule daktari, na mwanangu aliyenishika mkono saa zote za kungoja. Ukipanga safari kama yangu, penda kampuni inayokusumbua. Uliza kama kuna oksijeni kwenye boti, mwalimu mmoja anashuka na watu wangapi, na kutoka kitandani pako hadi kwa daktari ni mbali kiasi gani. Nawe ukiulizwa, sema kweli. Kama unameza dawa za kifua leo, zimalize, na usijifiche kwa watoto wako. Wao hujitafutia sababu yao, na huwa mbaya kuliko ugonjwa.

Riziki anataka kurudi majini, safari hii pwani ya hapa nchini. Wiki iliyopita alipima kifua, kiko safi. Nilitaka kumkataza. Badala yake nimemkatia kitambaa, ninamshonea joho la kujifunika akitoka majini.

"Nitakuja na wewe," nikamwambia.

"Kufanya nini, Mama?"

"Kukaa ufukweni. Nataka ukiibuka unione."