Mtoto wa Tandika Aliyenusurika Kuandikwa Sinza

Juzi nilipanga foleni ya vyeti vya kuzaliwa katika ofisi moja huku Temeke. Mbele yangu alikuwa mama mwenye kichanga mgongoni. Kwenye kompyuta yake karani alichagua wilaya ya Temeke, akafungua orodha ya kata, zikatokea za Ubungo tupu.

“Mama, nakuwekea Sinza. Kata ni kata tu.”

“Mwanangu kazaliwa Tandika! Sinza kafuata nini?”

“Mfumo ndio unavyotaka.”

Dada mmoja nyuma yangu akasogea dirishani, akamwamkia karani. “Shikamoo mama. Mie natengenezaga fomu kama hizi kwa Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Hiyo orodha ni ya mteja aliyepita, haikubadilika ulipobadilisha wilaya. Funga ukurasa, ufungue upya.”

“Unanifundisha kazi?” Karani akamwinulia kiganja, akataka kuchapa cheti hivyo hivyo. Yule mama akaingiza mkono dirishani, akaifunika mashine ya kuchapia. “Hutoi kitu hapa!”

Foleni nzima ikapaza sauti. Karani akasonya, akafunga ukurasa, akafungua. Tandika ikatokea.

“Na vyeti ulivyochapa asubuhi je?” dada akauliza.

Karani akatupia jicho rundo la vyeti mezani. “Anayefuata!”

Anayefuata nilikuwa mimi. Nikamwambia sisogei mpaka avikague. Akavipekua akinung’unika, na vinne vikakutwa na kosa lile lile la kata. Watoto wanne wangeanza maisha na uongo wenye mhuri, kisa mtu mzima kaona uvivu kufunga ukurasa.