Siku Niliyompeleka Shemeji Kunichagulia Bunduki

Nina bunduki moja. Ni ndogo, ya risasi nyembamba za kipimo cha ishirini na mbili, aina ambayo watu wa Texas huwaanzishia watoto wao kulenga makopo. Imefungwa kabatini kwa kufuli, na tangu niinunue sijaifyatua hata mara moja. Wenzangu kazini wakiniuliza, nasema muda sina. Muda ninao. Ninachokosa ni uso wa kuitazama.

Hamu ilianzia Mansfield, mji wa Texas ninakoishi. Nafanya kazi ya mafaili na simu kwenye kliniki ya meno, na wanawake wenzangu pale huenda uwanja wa shabaha Jumamosi kama sisi tunavyokwenda saluni. Siku moja wakanichukua. Wakaniazima bunduki nyepesi, wakanionyesha pa kuegemeza shavu, wakaniambia nivute pumzi, niitoe nusu, kisha nibane kidole taratibu. Nikaitoboa karatasi karibu kabisa na katikati. Mimi ni mtu wa maneno, naongea hata na redio, lakini pale nilikaa kimya karibu saa nzima na kichwa changu kikapumzika. Nikasema lazima niwe na yangu.

Basi nikaenda dukani peke yangu. Muuzaji akaniuliza kama nataka ya kuvuta komeo kwa mkono kila risasi, au ile inayojipakia yenyewe. Akauliza kama nataka darubini juu yake au nitalenga kwa macho tu. Akataka kujua mkono wangu una urefu gani, maana kitako kikizidi urefu bega litateseka. Nilijifanya napokea simu, nikatoka.

Hapo ndipo nilipomkumbuka shemeji.

Mke wake ni rafiki yangu wa Houston. Nilipofika Marekani tulikuwa tunatunza wazee katika nyumba moja, yeye Mkongo wa Kivu, mimi wa Tanga, Kiswahili kikatuunganisha japo tulikuwa tunachekana lafudhi. Wao walikaa kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Wanaishi Gulfton, mtaa wa Houston, kwenye yale majengo ya fleti yaliyobanana, na mumewe anapakia mizigo kwenye ghala. Kwetu mume wa rafiki ni shemeji, na shemeji ni wa kutaniwa. Usipomtania atadhani umemnunia. Utani nilikuwa nao tele, na wote ulikuwa wa aina moja. "Shemeji, leo mtutu umeuacha wapi?" Chakula kikichelewa: "Mpeni komando ale kabla hajateka nyumba." Mtoto akimwaga juisi: "Kimbia, baba yako atakufyatulia." Alikuwa akicheka kila mara. Anapiga makofi mawili, anatikisa kichwa, anasema, "Shemeji weye!" Nikiona amecheka, naongeza.

Sikuwahi kumuuliza lolote kuhusu maisha yake ya kule. Nilishajijibu mwenyewe. Sisi Watanzania tukisikia mashariki ya Kongo tunasikia bunduki, na mimi nilichukulia kwamba kila mwanamume aliyetoka huko lazima amewahi kushika moja.

Nikashuka Houston wikiendi moja, nikalala kwao. Jumamosi asubuhi, mkewe akiwa ameshatoka kwenda kazini, nikamwambia, "Shemeji, leo nakuhitaji. Nataka ku-choose bunduki, na wewe ndiye expert wangu."

Alikuwa anakunja nguo za watoto. Shati alilokuwa nalo mkononi alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. "Bunduki ya nini, shemeji?"

"Ya kuchezea tu. Kulenga karatasi."

"Ya kuchezea," alisema. Akaliweka shati chini. "Ni sawa. Tuende."

Sasa najua alikubali kwa sababu shemeji akiomba kusindikizwa hakataliwi. Wakati ule niliona amefurahi kupata nafasi ya kuonyesha ujuzi wake. Njia nzima nilipiga domo mimi, na yeye akawa anaitikia tu.

Dukani bunduki zilikuwa zimesimamishwa ukutani kama mifagio. Muuzaji alikuwa mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe, mpole, na maswali yake yalikuwa yale yale ya kwanza. Safari hii nilikuwa na pa kuyaelekeza. Nikamshika shemeji bega, nikasema kwa Kiingereza, tena kwa sauti ili na wateja wengine wasikie, kwamba huyu ametoka Kongo, vitani kabisa, na bunduki anazijua kuliko sisi sote humu ndani.

Mzee akamtazama kwa heshima. Akateremsha moja yenye kitako cha mbao, akavuta komeo kuonyesha kwamba haina risasi, akampa.

Shemeji aliipokea kwa viganja viwili vilivyo wazi, kama mtu aliyepewa sinia la chai ya moto. Hakuigeuza. Hakuiweka begani. Akaanza kurudi nyuma, hatua ndogo ndogo, mpaka mgongo wake ukagota kwenye rafu ya kofia. Jasho lilikuwa linamtoka, na duka lilikuwa na baridi ya kutaka sweta. Mzee akamuuliza alikuwa jeshi gani. Shemeji akacheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha mezani kwake, ila makofi hayakuwepo kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Nilielewa palepale. Nataka niliseme hilo wazi, maana baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba sikuelewa. Niliona kwamba mtu huyu hajawahi kushika bunduki maishani mwake, na kwamba anaogopa. Ningeweza kuipokea, kumrudishia mzee na kusema asante, tukaondoka. Lakini mzee alikuwa anatutazama, na wateja wawili pia, na mimi nilikuwa nimeshajitapa. Niliwaonea haya watu nisiowajua kuliko nilivyomwonea huruma mtu wangu. Nikauliza, "Unaionaje, shemeji?"

"Ni muzuri," akasema.

Nikasema basi nachukua hiyo. Nikajaza fomu, nikasubiri jina langu lihakikiwe, na muda wote huo yeye alisimama mlangoni akitazama magari yanayopita. Mimi hata viatu huwa najaribu jozi tatu. Bunduki niliichukua ya kwanza, bila hata kuiweka begani, na mpaka leo sijui kama kitako kinanifaa.

Nikalilaza sanduku la bunduki kwenye kiti cha nyuma, tukaondoka. Halafu yeye ndiye aliyeanza, kwa sauti ya kubembeleza, kana kwamba mimi ndiye niliyetakiwa kufarijiwa.

"Shemeji, usikasirike. Sikukusaidia muzuri. Miye sijashikaka bunduki hata siku moja. Niliionaka tu kwa mbele, pale risasi inatokeaka."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hii.

"Ulikuwa unacheka," alisema. Akafikiri kidogo. "Kule ku barrière, pale banafunga njia, basoda, maaskari ba kule, banakuwaka na michezo. Banakuita komando. Banakuuliza bunduki yako iko wapi. Bakicheka, na weye unacheka. Ukicheka muzuri, unapita."

Hakusema kwa kunisuta. Alikuwa ananieleza tu, kama unavyomweleza mgeni basi linasimama wapi. Mimi nikaona meza yao, sahani ya sombe, kisamvu chao, katikati, watoto wamekaa, na mimi kwenye kiti cha mgeni, mdomo umejaa chakula chao, namuuliza mwenye nyumba mtutu ameuacha wapi. Miaka yote hiyo, nyumbani kwake, mbele ya watoto wake, alikuwa akinipita mimi kama alivyokuwa akiwapita wale askari wa kizuizini. Na nilikuwa nikirudi Mansfield nikijisifu kwa watu kwamba kule Houston nina shemeji tunayeelewana sana.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaingiza gari kwenye kituo cha mafuta, nikazima injini, nikamgeukia na kumwomba radhi. Nilisema nimekosa. Nilisema mimi mjinga, domo limenizidi, na utani ule hatausikia tena kutoka kwangu. Sikuwa nimefika hata nusu akaanza kuitikia.

"Haina problème, shemeji. Haina problème."

Akatabasamu. Akasema nimechagua vizuri, hata yule mzee wa duka ameona. Akauliza kama nasikia njaa, maana mkewe ameacha wali. Nikafuta macho. Nikawasha gari, na nakiri kwamba nilijisikia mwepesi. Nilijiona nimesamehewa, tena upesi, na nikamsifu moyoni kwa roho yake nzuri.

Tulikuwa tumekaribia kabisa kwao nilipoona amekaa vibaya. Alikuwa amejibana upande wa mlango, shingo imekakamaa, na hageuki hata ninapomsemesha. Nikatazama kuna nini. Lile sanduku la bunduki nilikuwa nimelilaza mimi mwenyewe kwenye kiti cha nyuma, na kwa vile ni refu, ncha yake ilikuwa imepenya katikati yetu mpaka usawa wa bega lake. Ilikuwa hapo tangu tulipotoka dukani. Ilikuwa hapo nilipomgeukia pale kwenye kituo cha mafuta nikamwomba anisamehe. Angenijibu nini kingine?