Mtungi wa Kurudi

Ipo siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu, na jana ulipotandaza vyombo vyako vya safari hapa barazani kwangu Kibiti, ilinirudia yote. Nilivitazama viatu vyako virefu, hema linalokunjwa likawa dogo kama mkate, taa ya kufunga kichwani, na ile simu unayosema inaijua njia hata pasipo na njia. Ni vitu vizuri. Sitakuambia uviache, maana mimi nami niliwahi kuvipenda vya kwangu, tena kupita kiasi. Nitakuambia tu kile nilichokiacha kwa mkono wangu ili vyangu vipate nafasi.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa nimemaliza sekondari, jambo ambalo huku Rufiji wakati ule lilimfanya kijana atazamwe mara mbili, nami ndiye niliyekuwa nikijitazama zaidi. Bwana Misitu aliniajiri karani wa kupima mikoko ya delta. Akanipa mabuti ya ngozi yenye misumari kwenye soli, hema la turubai, dira ya shaba, na ramani iliyobandikwa juu ya kitambaa isiharibike. Kisha akanituma Kiongoroni, kule karibu na bahari, nikatafute mtu wa kuniingiza ndani.

Mtu huyo alikuwa Mzee Mtulia, mkata boriti, aliyevijua vijito vya delta kama mtu anavyovijua vyumba vya nyumba yake gizani. Alikuja na mpwawe Salumu, kijana wa rika langu, mwembamba na mwenye maneno, ambaye kazi yake ilikuwa kupakia mtumbwi na kushika upondo, ule mti mrefu wa kuusukumia. Salumu aliyakagua mabuti yangu akaniuliza kama nimekuja kuipima mikoko au kuikanyaga mpaka ife. Mjomba wake akamwambia aniache. "Tope la huku," akasema, "likikipenda kiatu halikirudishi. Atajionea mwenyewe."

Vyombo vyao havikuwa vingi. Pondo mbili, tanga, mapanga, kapu la muhogo na samaki wakavu, chungu chenye makaa yaliyofukiwa majivuni, debe la kutolea maji yanayoingia mtumbwini, na mitungi miwili ya maji matamu. Mmoja waliuita wa kwenda, na mwingine wa kurudi. Wa kwenda ulikaa katikati, kila mtu akichota kwa kata. Wa kurudi ulikaa mbele, umefunikwa gunia, na sheria yake ilikuwa moja: hauguswi wala haufunuliwi mpaka omo, pua ya mtumbwi, iwe imeelekea nyumbani. Hata mwenye kiu kali aliambiwa asubiri. Ndiyo maana wakataji wa Kiongoroni walipomtafuta mwenzao wa kwenda naye mikokoni, waliuliza kwanza kama anajua kupakia maji.

Siku ya kupakia, pale bandarini, hema langu halikuenea mtumbwini. Mzee Mtulia alisema tuliache, usiku tutajifunika tanga. Nikalishusha chini. Wakati wa adhuhuri wao wawili wakapanda juu kijijini kuswali. Mimi nikadai nitaswali baadaye. Nilipobaki peke yangu nilifungua ramani, nikaona alama ya kisima kwenye kisiwa tulichokuwa tukikiendea. Ikiwa huko kuna kisima, nikajiambia, kuna haja gani ya kubeba mtungi wa pili? Nikaunyanyua, nikauficha kivulini nyuma ya rundo la boriti, nikalaza hema pale pale ulipokuwa na kulifunika gunia lile lile. Nilikusudia kuwaambia tukifika kisimani, tucheke pamoja. Tazama, mwanangu, uovu mwingi huanza na mtu anayekusudia kusema baadaye.

Tulikwenda siku tatu. Kazi ilikuwa nzuri, nami niliona fahari kuandika majina ya mikoko ambayo Salumu alinitajia: mkaka, msinzi, mchu, mkandaa. Maji ya mtungi wa kwenda niliyatumia bila hesabu. Nilioshea hata matope ya mabuti. Mzee Mtulia alinitazama, hakunikataza, kwa kuwa alijua chini ya gunia kuna akiba. Wahenga wanasema akiba haiozi. Hawakusema kwamba inaweza kuachwa ufukweni.

Kisima tulikikuta siku ya tatu. Kilikuwa shimo lililojaa mizizi, na maji yake yalikuwa ya chumvi. Mzee alieleza, bila kushangaa, kwamba mto ulikuwa umehamia upande mwingine miaka mingi iliyopita, na mkono huu wa mto ukaachiwa bahari. Ramani yangu haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya zamani tu.

Mtungi wa kwenda ulikuwa umekwisha. Tukageuza omo. Mzee Mtulia, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameweka tone kinywani, akasema sasa tufungue wa kurudi. Salumu akavuta gunia. Lililotokea ni hema.

Mzee akalipapasa hema kwa kiganja. Kisha mzee akauliza, taratibu sana, "Salumu, mtungi uko wapi?"

"Niliupakia, mjomba."

"Uko wapi?"

Salumu aliangalia mikono yake. "Nadhani niliupakia," akasema.

Niliisikia ile "nadhani" ikiingia mahali ambapo palikuwa na uhakika, na mimi ndiye niliyekuwa nimepafungua. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nilinyamaza.

Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, lilikuwa limekwisha, na kila maji yaliyojaa yalikuwa machache kuliko ya jana yake. Adhuhuri mtumbwi ukakaa juu ya tope. Niliruka kuusukuma, tope likanishika mpaka mapajani, na nilipovutwa nikatoka na buti moja. Halikurudi lile lingine hadi leo. Hakuna aliyenicheka. Jua lilikuwa kali, na Mzee Mtulia, aliyekuwa mtu mzima kuliko sisi, akaanza kubanwa na misuli ya miguu. Jioni ile akawa anamwita mkewe aliyekwisha kufa, akimwomba maji kwa upole, kama mtu anayeongea na mwenzake aliye jikoni. Nilifahamu wazi kwamba mzee yule anakufa, na kwamba anakufa kwa ajili ya hema.

Aliyemwokoa ni Salumu. Maji yalipoanza kupwa tena alishuka peku na debe na kata, akaenda juu ya kijito akishikilia mizizi, mbali, mpaka kinapokutana na mkono wa mto ulio hai. Maji matamu ni mepesi, mwanangu. Huelea juu ya yale ya chumvi, na mwenye subira huweza kuyaengua kama mpishi anavyoengua mafuta juu ya mchuzi. Aliengua kata kwa kata. Aliporudi debe lilikuwa nusu, na nyayo zake zimechanwachanwa na chaza. Alimnywesha mjomba wake kwanza. Kisha akaninywesha mimi, akaniomba radhi kwa kusahau mtungi.

Nilimwambia hakuna neno.

Maji yalipojaa tena tuliusukuma mtumbwi ukaelea. Tulipofika Kiongoroni, watu walimpeleka Salumu kutibiwa nyayo, nami nikabaki na Mzee Mtulia pale bandarini. Alijikokota mpaka kwenye rundo la boriti, akauona mtungi, umejaa bado. Kando yake tope lilikuwa limekauka na alama ya mguu ndani yake, yenye vishimo vya misumari. Aliitazama ile alama. Akautazama mguu wangu mmoja uliovaa buti. Mtu mwingine angeita mashahidi. Yeye aliifuta ile alama kwa unyayo wake mwenyewe, polepole, mpaka ikatoweka.

"Mimi nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Lakini Salumu hawezi kukusamehe, maana hajui amsamehe nani. Kamwambie."

Asubuhi yake mashua ya serikali ilikuwa inaondoka. Nilipanda.

Nilihamishiwa Utete, nikapewa mabuti mapya na meza. Mwaka ukapita, na mwingine. Ngojangoja huumiza matumbo, lakini mimi langu lilizoea. Kisha nikasikia kwa mpita njia kwamba Kiongoroni hakuna kundi la wakataji linalomchukua Salumu. Mzee Mtulia alikuwa amesema hadharani kwamba kosa halikuwa la kijana yule. Watu wakasema mjomba anamfichia mpwawe. Alama pekee ambayo ingemsafisha ilikuwa imefutwa, na imefutwa kwa kunihurumia mimi. Salumu akahama, akaenda Mbwara kulima.

Nilimfuata huko kwa miguu. Nilimkuta anapalilia mpunga, ameinama, na nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye tuta. Hakuinuka upesi. Alipoinuka aliniangalia miguu.

"Ni hayo hayo?" akauliza.

Nikamjibu kwamba ni mengine.

Akafuta jasho. "Karani, mimi nilikumbuka mikono yangu ikiuweka ule mtungi. Nilikumbuka ubaridi wake. Mjomba aliponiambia kosa si langu, nikadhani ananipoza tu. Mwaka wa pili nikaanza kukubali kwamba nilisahau. Kazi ingenitoka tu siku moja, hata kwa uzee. Lakini ulinifanya nisiyaamini macho yangu mwenyewe."

Nilishuka kwenye tuta nikamwomba radhi. Alinisamehe, kwa maneno, mbele ya Mungu, lakini mikokoni hakurudi tena. Kabla sijaondoka alinipa maji kwa kata. "Kunywa," akasema. "Una safari ya kurudi."

Basi, mwanangu, usia wangu ni huu. Chukua viatu, chukua hema, chukua na hiyo simu. Lakini ramani yoyote ni habari ya jana. Maji muulize anayeyanywa leo. Usitoe chombo mtumbwini kabla hujamuuliza aliyekiweka, hata kama hujui kina faida gani; pengine ndicho kinachomrudisha mtu kwao. Na ukikosea, maana utakosea, sema pale pale omo inapogeuka, neno likiwa bado dogo. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: mimi nilizunguka miaka miwili, na bado nilirudi kwenye neno lile lile, nikalikuta limekwisha kula maisha ya mtu.

Nenda salama. Mungu akufikishe unakotaka, akupe wenzako waaminifu na wewe uwe mwaminifu kwao, na siku utakapogeuza uso kuja nyumbani, akukutanishe na mtungi wako mahali ulipouweka, umejaa. Amin.