Joto la Sebuleni

Mama mkwe wangu anaishi Mpui, na mimi nina duka la vifaa vya umeme Majengo, Sumbawanga mjini. Nayasema haya mapema kwa sababu mwenye duka la vifaa vya umeme hana pa kujificha akivurunda jambo la umeme.

Kila kipupwe kikianza, upepo wa Ufipa humwingia mama kifuani. Hukohoa mpaka akashika ukuta. Mwaka jana alilazwa, na mke wangu akaniambia, bila hata kupandisha sauti, "Unawauzia watu hita kila siku, mama yangu anajifunika magunia." Hayo magunia mke wangu alitia chumvi tu, lakini nilimwelewa.

Ningeweza kumpelekea hita nikaondoka zangu. Ila mimi ni mtu wa makeke. Nilitaka ijiwashe baridi ikiingia na kujizima chumba kikipata joto, mama asiguse kitu. Nikaagiza rilei, ile swichi ndogo inayoongozwa kwa Wi-Fi na kukubali maagizo unayoiandikia kwenye kompyuta. Nikaiunga na kipimajoto chenye waya mrefu na kioo kidogo cha kuonyesha namba. Nilihangaika nayo kaunta huku wateja wakinisubiri. Mara ya kwanza iliwasha hita joto lilipopanda na kuizima baridi ilipoingia, kwa sababu nilikuwa nimegeuza alama moja tu kwenye maagizo. Ilipokubali nilipiga ukelele, jirani yangu wa duka la viatu akaja mbio akidhani nimenaswa na umeme.

Siku ya kuifunga, mke wangu ndiye aliyeiingiza hita chumbani kwa mama. Kwetu ni Mbeya, na nimelelewa kwamba mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe wake, hata paa likiwa linavuja. Kwa hiyo nikapitisha nyaya kwenye tundu la hewa juu ya mlango, nikafunga rilei sebuleni pamoja na kisanduku cha intaneti chenye laini ya simu, ili niione hata nikiwa dukani. Kipimajoto na kioo chake nikavifunga sebuleni pia, ukutani, juu ya makochi.

"Si kipimajoto kingekaa huko chumbani?" mke wangu akauliza. "Nipe nikuingizie."

Nikamwambia nyumba ni moja na joto ni lile lile, nikaongeza na maneno ya heshima kwa wakwe. Akarudi kumtandikia mama kitanda, maana mambo ya nyaya huniachia mwenyewe.

Heshima ilikuwa kisingizio tu. Nilitaka kile kioo kikae mahali wageni watakapokiona. Na walikiona kweli. Jumapili majirani walipotoka kanisani walijaa sebuleni, nikawaonyesha namba ukutani, kisha nikawaonyesha namba ile ile kwenye simu yangu. "Mkwe wangu ameniletea joto," mama akawaambia. Nikainamisha kichwa kinyenyekevu, na moyoni nilikuwa nimevimba.

Upande wa pili wa ukuta ule kuna jiko lake la kuni. Nimekula miaka yote ugali uliopikwa humo, na sikuliwaza hata kidogo.

Baridi ilipopamba moto mjini, nilikuwa nafungua simu nakuta nyuzi ishirini na mbili. Namwonyesha mteja aliyekuja kununua balbu. "Huyu ni mama mkwe, yuko Mpui. Sisi tunatetemeka hapa, yeye anastarehe." Simu ilionyesha pia kwamba hita karibu muda wote imezima. Hilo nalo nikalifanya sifa, nikasema mtambo wangu unabana umeme.

Asubuhi moja mwezi wa saba nilikwenda Mpui kuchukua maharage, nikapitia kwa mama bila kupiga simu. Jua lilikuwa halijakolea. Mlango wa jiko ukafunguka, akatoka mama, blanketi mabegani, mkeka kwapani, majivu kwenye kilemba. Tukatazamana. Yeye akageuza uso, na mimi nikageuza wangu. Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona hukusema kama unakuja?" Na huku anausukumia mkeka nyuma ya mlango.

Ndani ya jiko moto ulikuwa bado hai, magogo mawili manene yameungana. Nikaingiza mkono nikagusa ukuta wa sebule. Ulikuwa wa moto. Hapo nikaelewa yote kwa mpigo, na mimi ndiye fundi. Chumba chake kilikuwa cha baridi, akahamia jikoni kulala. Alivyozidi kuchochea, ndivyo ukuta ulivyozidi kupata joto, na kipimajoto changu kikaiambia rilei kwamba hali ni nzuri, hita ibaki imezima. Zile nyuzi ishirini na mbili nilizokuwa natamba nazo Majengo zilikuwa kuni za mama, alizozibeba kichwani huku kifua kikimsumbua.

Nikakibandua kipimajoto ukutani, nikaurusha waya wake kupitia tundu la hewa. "Mama, naomba ukiweke karibu na kitanda," nikasema nikiwa sebuleni. Akaingia chumbani, nikamsikia akikokota kigoda. Nikasubiri na simu mkononi. Namba zikaanza kushuka, zikashuka mpaka zikafika tisa, na rilei ikalia juu ya kichwa changu. Hita ikawaka.

Alipotoka alikaa kwenye kochi, nami nikabaki nimesimama. Nilitaka anitukane. Mama yangu mzazi angenitukana mpaka nikapona.

"Mama, mbona hukuniambia?"

Akaipangusa majivu kanga yake taratibu, kama vile mwenye kosa ni yeye.

"Ningekuambia saa ngapi, baba? Kila ukija unakitazama kwanza kile cha ukutani, unacheka peke yako, ndipo unageuka kunisalimia. Nikaona nisikuharibie."