Nyuki Waliobaki Ukutani

Leo sokoni Majengo nimeonja asali ya nyuki wadogo wasiouma. Ule uchachu wake umenirudisha ghafla kwenye nyumba yetu ya zamani.

Siku tulipohama kutoka Chemba, baba aliutoa mzinga wetu wa nyuki hao ukutani mchana kweupe, kwa sababu lori lilikuwa linatungoja.

"Baba watoto, si ungesubiri jioni?" mama alisema. "Wengine bado wako porini."

"Watatufuata."

"Watafuata wapi? Wanapajua hapa tu."

Nyuki wa porini wakaanza kurudi, miguu imejaa chavua, wakizunguka hewani pale ulipokuwa mlango wao. Lori likapiga honi. Mama alitundika kibuyu kitupu kwenye msumari ulioshikilia mzinga, wapate pa kuingia, akapanda lori.

Njia nzima aliulaza mzinga mapajani, ameuinamia kwa sikio. Tulipomsemesha alisema, "Nyamazeni kwanza. Wanaulizana."