Mkanda wa Ndama

Simu ilipoita, dada mtu alikuwa na pini mdomoni, anashona mkanda wa kumsimamishia ndama. Daktari wa zamu hakuzungusha maneno: mdogo wake amefariki alfajiri. Dada alizitoa pini moja moja, akasema, "Mungu wangu, mpokee," akaketi sakafuni.

Nyumbani marehemu aliitwa Profesa, kwa utani tu. Alikuwa fundi wa kompyuta chuo cha mifugo. Aliunda wanyama ndani ya kompyuta, mifupa na misuli kwa hesabu, ili wanafunzi wajue mnyama husimamaje na kwa nini huanguka.

"Mungu keshaumba ng'ombe," dada alizoea kumchokoza. "Wewe unarudia nini?"

"Wake wanasimama, dada. Wangu wote chali!"

Hata kitandani hospitalini alihangaikia ndama mmoja wa chuo, aliyezaliwa na miguu dhaifu ya nyuma. Alikuwa amemuunda mfano wake kwenye kompyuta, nao ulisimama pale tu ulipoachiwa nafasi ya kuyumba kidogo. Ndipo akamwomba dada ashone mkanda, akasisitiza usibane.

Sasa dada aliutazama. Mazoea ya kushona nguo yalimponza. Ameubana kama kiuno cha gauni la harusi. Na daktari wa mifugo alishasema, ndama asiposimama leo, watamchinja. Akaanza kufumua.

Shangazi yao aliingia, macho mekundu. "Ndugu yako yuko mochwari, wewe unamshonea ng'ombe? Una akili kweli? Tunazika leo alasiri!"

"Ni kazi yake, shangazi. Haijaisha."

"Wakifunga jeneza hujamwona, je?"

Dada aliurudisha mkanda chini ya sindano, akaushona upya bila kuubana. Machozi yalidondokea kitambaa, cherehani ikaendelea kulia.

Chuoni walimvalisha ndama mkanda, wakamwinua. Akayumba kushoto, akarudi kulia. Hakuanguka. Dada alimshukuru Mungu huku akikimbilia mlangoni.

Makaburini alikuta watu wananong'ona. Shangazi amesimama mbele ya jeneza, mikono kiunoni.

"Hata mniitie polisi, halifungwi! Dada yake hajaja."

Watu wakampisha dada. Alimtazama mdogo wake usoni, akamgusa paji la uso, akamwombea kwa sauti ya chini. Shangazi akamshika mkono. Jeneza likafungwa, likashushwa. Dada alitupa konzi ya udongo, wanaume wakashika masepetu. Kaburi lilipojaa, waliomba pamoja, kisha wakarudi nyumbani.