Wiki Tano Zisizohesabiwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huacha chochote ninachofanya. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, miaka ile ya hamsini, kwenye veranda ya maabara ya mabati katika shamba la kahawa upande wa Mugutha, kati ya Ruiru na Thika. Nilikuwa karani wa miaka ishirini na mitatu, tai shingoni, na mbele yangu kulikuwa na mswada wa utafiti uliotakiwa kufika posta ya Thika kabla ya saa tano. Nakusimulia kwa sababu juzi uliniambia kwamba mswada wako wa jarida umekamilika, isipokuwa mapengo mawili matatu kwenye jedwali, na kwamba utayashughulikia. Ulilitamka neno hilo kwa wepesi sana. Niliomba chai, maana sikujua nianzie wapi.

Mimi nilitoka Maragoli kuja huku wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Wakikuyu wengi walikuwa wamekamatwa au wamefungiwa vijijini mwao, mashamba yakakosa watu, nasi wa magharibi tukapanda treni kuja kujaza nafasi. Sikujiuliza kiti nilichopewa kilikuwa cha nani. Nilijua Kiingereza na nilijua kupiga taipu, na kwa kijana wa umri wangu hayo yalitosha kunifanya nijione mtu mkubwa. Mzungu niliyemfanyia kazi alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Wafanyakazi walimpa jina la Bwana Majani, naye alilijua na halikumuudhi. Alikuwa akichunguza ugonjwa wa kutu, ule unaopaka majani ya kahawa unga wa rangi ya chungwa mpaka yaanguke, akitaka kujua ni wakati gani wa mwaka dawa ipulizwe ili ifae.

Lakini aliyejua miti ile hakuwa yeye, wala mimi. Alikuwa Mzee Njoroge, mtu wa Gatongora, amepita miaka hamsini, mwembamba, na koti moja la kijeshi alilolivaa jua na mvua. Kila Jumatatu alipita kwenye miti yenye alama, tawi kwa tawi, akihesabu majani yaliyougua. Alihesabu kutoka shinani hadi nchani, kisha akarudi kutoka nchani hadi shinani, na hesabu mbili zisipolingana alianza upya. Kisha aliandika kwa penseli kwenye daftari, taratibu, akikandamiza kila tarakimu. Nilimtania kwamba ng'ombe angezaa kabla hajamaliza mstari mmoja. Naye aliniambia kwamba kwao si vizuri kuhesabu watoto wala mbuzi, kwa hiyo alipoajiriwa kuhesabu majani alifurahi, akayahesabu kwa niaba ya vyote alivyokatazwa.

Mwaka wangu wa kwanza pale, lori la askari lilikuja Jumapili moja likamchukua pamoja na wenzake, wakapelekwa kambini kuhojiwa. Alikaa huko wiki tano. Kwa muda huo wote amri ilikuwa kwamba mtu yeyote asiingie katikati ya kahawa, na asiyetii atapigwa risasi. Mimi nilikaa ofisini nikichonga penseli. Aliporudi alikuwa amekonda, haongei, na mkono wake wa kushoto haukuinuka tena kupita bega. Jumatatu iliyofuata aliingia shambani. Kabla ya kuandika hesabu ya siku hiyo, alichukua rula akachora vistari vitano kwenye daftari, kimoja kwa kila Jumatatu aliyokosa. Baadaye, kwa hiari yake, alinifundisha miti yenye alama, ili tuwe wawili tunaoijua. Mpaka siku hiyo sikuwa nikiujua hata mmoja.

Ulipita muda, hesabu zikatosha, na Bwana Majani akaanza kuandaa mswada wa jarida la Uingereza. Ninyi leo mnabonyeza kitu, unakwenda. Sisi tulipiga taipu kwa nafasi mbili, pambizo pana, nakala tatu kwa kaboni, kila jedwali kwenye ukurasa wake, na michoro kwa wino mweusi kwenye karatasi ngumu. Ukikosea herufi moja mwishoni mwa ukurasa, unang'oa karatasi zote na kuanza upya. Niliipenda kazi hiyo, sitakudanganya. Bwana Majani alikuwa karibu kupanda meli kwenda likizo kwao, naye alikuwa ameniahidi kwamba mswada ukiondoka kabla yake, ataniandikia barua ya kuniombea nafasi chuoni. Barua hiyo niliiota hata nikiwa macho.

Basi siku moja aliutazama mchoro wangu, ule mstari wa kutu ukipanda na kushuka na mwaka, na pale katikati ukawa umekatika kwa zile wiki tano. Alishusha pumzi. Alisema ni bahati mbaya, kwamba wahariri huenda wakaurudisha mswada, na ukirudishwa itabidi usubiri mpaka atoke likizo. Mwanangu, sijui ulimi wangu uliamka na nini siku hiyo. Nilimwambia kwamba wiki zile nilihesabu mimi. Nilisema kwa kuwa sikuwa Mkikuyu askari waliniruhusu kupita, na kwamba hesabu zilikuwa kwenye karatasi fulani niliyoisahau. Aliamini mara moja. Kwa nini asiamini? Wakati ule kila mtu alijua kwamba mimi nilikuwa na njia mahali ambapo Njoroge hakuwa nayo. Alinishika mkono kwa furaha. Nikaketi, nikatazama hesabu ya kabla na hesabu ya baada, nikatunga zilizopita katikati, zikipanda polepole kwa adabu. Zilipendeza kuliko za kweli.

Mwisho wa mswada palikuwa na mstari wa shukrani. Bwana Majani alikuwa ameandika kwamba hesabu zote za shambani zilifanywa na Njoroge, akataja na jina la baba yake. Mzee alinisikia nikilisoma, akaniomba nilisome tena, na siku ya pili akaniomba tena. Aliniambia kwamba jina lake liliwahi kuandikwa kwenye kipande, kile kitambulisho cha serikali, na kwenye orodha ya kambi, na kwenye orodha ya kituo cha homugadi, wale walinzi wa serikali kijijini, ambapo alipiga ripoti kila wiki. Halikuwahi kuandikwa kwa jambo alilolifanya vizuri. Alikuwa na binti, Wambui, aliyekuwa shule ya misheni na aliyejua Kiingereza. Alitaka jarida hilo, aliloliita kitabu, likichapishwa Wambui amsomee mwenyewe.

Ijumaa hiyo ninayokuambia, tulikaa veranda kuhakiki. Ndiyo ilikuwa desturi ya Bwana Majani: kabla mswada haujafungwa kwenye bahasha, mmoja asome jedwali kwa sauti na mwingine afuate kwenye daftari la shambani kwa kidole. Nilisoma mimi, akafuata Njoroge. Nikitaja tarakimu, anajibu ndiyo. Nataja nyingine, ndiyo. Tulikwenda hivyo karibu saa nzima. Kisha nikafika zile wiki tano. Nilifikiri nikisoma kwa haraka tutapita. Nikataja hesabu ya kwanza. Kimya. Nikataja ya pili. Nilipoinua macho, kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya kistari cha kwanza.

"Hapa mimi sina kitu, karani," alisema.

Nikamwambia kwamba hizo nilihesabu mimi alipokuwa kambini. Hakukasirika. Ningeshukuru angekasirika.

"Wewe hata miti ulikuwa hujui," alisema. "Mimi ndiye nilikuonyesha, nikiwa nimerudi."

Akauliza ikiwa karatasi hii yote ndiyo yenye jina lake kule mwisho. Nikasema ndiyo. Alifunga daftari, akalifuta vumbi kwa kiganja ingawa halikuwa na vumbi.

"Mimi hizo siku nilikuwa mahali watu walitaka niseme kitu sikuona," alisema. "Sikusema. Hii pia siwezi kusema niliona. Toa hiyo namba, ama utoe jina yangu."

Nilimuuliza kama atamwambia Bwana Majani. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto. Akasema neno lake na neno langu mbele ya Mzungu hayana uzito mmoja, na yeye hajasahau njia ya kambini. Yaliyobaki aliniachia mimi. Kisha akaenda shambani, maana walikuwa wakipulizia dawa siku hiyo.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka. Uongo ule wa kwanza ulinitoka bila kufikiri. Huu wa pili niliufikiria. Kuondoa zile tarakimu ilikuwa kupiga taipu upya jedwali zima, kuchora mchoro upya kwa wino, na kwenda kwa Bwana Majani kusema nilidanganya. Saa ilikuwa tatu na nusu. Kuondoa jina ilikuwa ukurasa mmoja, ule wa mwisho, wenye mistari sita. Niliingiza karatasi tatu na kaboni mbili kwenye taipureta. Dakika kumi hazikuisha.

Bwana Majani aliona, akauliza shukrani kwa Njoroge imekwenda wapi. Nikamwambia mzee ameomba mwenyewe, anaogopa jina lake kuonekana kwenye karatasi siku hizi. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema anamwelewa, akatia sahihi barua ya mhariri. Kila neno nililomwambia lilikuwa na ukweli kiasi cha kupita. Nikapeleka bahasha Thika kwa baiskeli, nikapewa risiti ya rejista, na jioni barua yangu ya chuo nikaipata.

Mzee Njoroge hakunigusia tena habari hiyo. Tuliendelea kusalimiana. Aliendelea kuhesabu. Kabla ya mvua ndefu za mwaka uliofuata kifua kilimshika, huko kijijini walikobananishwa nyumba kwa nyumba, na hakufika hospitali. Tulimzika siku ya mvua, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Watu wakasema tazama, Mmaragoli huyu ana moyo. Sikuwa na pa kuuficha uso.

Jarida lilifika miezi miwili baadaye. Nilikuwa nalo mezani nikijifungashia kwenda chuoni, ndipo Wambui akaja. Alikuwa na sare ya shule na viatu alivyovibeba mkononi kwa sababu ya matope. Alinisalimia kwa heshima, akaniita mwalimu, ingawa sikuwa mwalimu wa mtu.

"Baba alisema jina yake iko kwa kitabu ya Bwana Majani," alisema. "Naomba niione tu."

Mzee hakuwa amemwambia yaliyotokea veranda, unaona. Labda alimwambia habari njema siku niliyomsomea ule mstari, na baadaye hakupata moyo wa kuirudisha. Au labda aliendelea kuamini kwamba nitachagua vizuri. Sijui, na sitajua. Nikampa jarida. Alisoma kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Alihakiki mara mbili, mwanangu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, nikijua kila kitu, na sikufungua kinywa. Mwishowe alilifunga, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Pengine ni ile nyingine," alisema, akanishukuru, akaenda.

Hakukuwa na nyingine. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari na mvi, nilienda Gatongora kumtafuta nimwambie. Pale palipokuwa kijiji pamejengwa maduka na nyumba za kupanga, na mama mmoja aliniambia Wambui aliolewa mbali, hajui ni wapi. Nilimwandikia pia mhariri wa lile jarida, nikaeleza zile wiki tano. Nilijibiwa na mtu mwingine kabisa, kwa adabu, kwamba amepitia jedwali tena na kwamba hata wiki hizo zikiondolewa, hitimisho la makala linabaki vilevile. Alidhani ananifariji. Nililia siku hiyo kuliko siku ya maziko, kwa maana pengo lile lingebaki wazi lisingemdhuru mtu.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na siipambi. Pengo lako liache kama lilivyo, kisha andika chini yake ni kwa nini hakuna aliyehesabu. Kama ni mvua, andika mvua. Kama ni ugonjwa, andika ugonjwa. Kama ni hofu, andika hofu, maana nayo ni sehemu ya utafiti. Mhariri akiurudisha mswada, urudi, umri unao. Jedwali lako lisome kwa sauti mbele ya yule aliyekwenda shambani, na akinyamaza mahali, simama hapo hapo. Wala usiwahi kuuliza ni ukurasa upi ulio rahisi kupiga upya. Na mtu akikuambia utoe jina lake kwenye kazi yako, usikimbilie kulitoa. Keti naye kwanza umuulize amekuona ukifanya nini.

Nakuombea kwa Mungu mkono usioona aibu kuacha mahali patupu. Akupe watu wa kukukatalia ungali na muda wa kusikia. Na kazi yako ikichapishwa, mtoto wa yule aliyekusaidia akija kuitafuta kwa kidole, Mungu ajalie kidole hicho kisimame mahali penye jina.